Neno la leo: Jaribu

Kitenzi kujaribu kimezaa majina mawili. Jaribio ni la maabara. Jaribu, au majaribu, ni la moyo. Asili yake ni Kiarabu, shina lile lile lililotupa tajriba, yaani ujuzi wa mtu aliyepitia mambo. Mtihani nao una sura mbili: wa darasani na wa maisha.

Mei 6, 2017, maneno haya yalikutana Rhotia, wilayani Karatu, Tanzania. Wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha walikuwa njiani kwenda kufanya mtihani pamoja na wenzao. Basi lao likatumbukia korongoni, katika mto Marera. Watoto 32, walimu 2 na dereva walifariki. Watoto 3 walinusurika, wakapelekwa Marekani kutibiwa.

Mkristo akisema "nimepatwa na jaribu", hasemi kwamba haliumi. Anaungama kuwa lina mwisho, na kwamba halipitii peke yake. Basi tusiharakishe kulitamka mbele ya wafiwa. Kwanza tukae nao matangani, tulie nao. Jaribu si jibu. Ni safari inayohitaji mwenzi.