Mbwa wa miguu sita wa Gerezani

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe. Tesiti zimefuatana kama mabehewa na boom lenyewe limechelewa, si mnajua tena maisha ya chuo. Leo nawaletea stori ya bango la oili. Msicheke, someni kwanza.

Mjomba wangu ana gereji ndogo pale Gerezani, aliirithi kwa babu mzaa mama. Juu ya mlango kulikuwa na bango la Agip: mbwa mweusi mwenye miguu sita anatema moto, na nyuma yake rangi ya njano. Tangu tukiwa wadogo tunaambiwa babu alipewa bango lile mwaka wa Uhuru, 1961. Sasa mwezi uliopita mwenye nyumba katoa notisi, jengo linavunjwa. Mjomba yuko kwenye kufungasha spea zake, akatokea jamaa anayepamba migahawa kwa vitu vya kale. Akasema kama bango ni la zama za Tanganyika anatoa shilingi 400,000. Kama ni la baadaye, 200,000 basi.

Mjomba akanipigia. "Mjomba, wewe si ndiyo unasomea historia? Njoo utuandikie hapa karatasi kwamba hili ni la 1961." Hela yenyewe ilikuwa ya kumpeleka binamu yangu kidato cha tano. Yaani si mchezo.

Jumamosi nikapanda daladala kutoka Chang'ombe, mfukoni nina sumaku ya spika mbovu na lenzi niliyoazima kwa jamaa wa baiolojia.

Swali la kwanza ni kama bango ni la kweli au la kuigiza, maana siku hizi yanatengenezwa mapya yanachakazwa makusudi. Mabango mengi ya zamani ni chuma kilichopakwa unga wa kioo kikachomwa kwenye tanuri, sawasawa na zile bakuli nyeupe za bibi zenye ukingo wa bluu. Sumaku inanasa. Ukipapasa unasikia rangi moja imekaa juu ya nyingine. Likigongwa linabanduka kama bakuli, na kutu inaanzia pale palipobanduka na kwenye matundu ya misumari. La kuigiza kwa kawaida ni bati jepesi, kutu yenyewe imechorwa, na ukiweka lenzi unaona vidoti vidogo vya mashine ya kuchapa. La babu lilinasa sumaku, zito, matundu yote manne yamebanduka. La kweli! Mjomba akacheka, akaagiza soda.

Swali la pili ni nembo, na hapo ndipo soda ilipoanza kunikaba. Makampuni ya mafuta yanabadili nembo, na kila badiliko lina mwaka wake. Shika haya, yatakusaidia hata ukutani kwenu:

Castrol: likiandikwa jina la Wakefield pamoja na Castrol, kuna uwezekano mkubwa ni la kabla ya 1960, mwaka kampuni ilipoacha jina la mwanzilishi wake.

Mobil: herufi O nyekundu kati ya herufi za bluu ilianza 1964. Kabla yake alitamba farasi mwenye mbawa.

Shell: kombe lililorahisishwa, jina limeandikwa chini yake badala ya katikati, ni la kuanzia 1971.

BP: ngao ya kijani ilitumika hadi 2000, likaja ua la jua. Vituo vya BP hapa kwetu vikaja kuwa Puma baada ya mauzo yaliyotangazwa 2010.

Na Agip? Mbwa alipatikana kwenye shindano la mwaka 1952 huko Italia. Mchoro ulipelekwa na Giuseppe Guzzi, kumbe aliyeuchora ni mchongaji Luigi Broggini, ambaye hakukiri hadharani mpaka anafariki 1983. Miguu sita wanaieleza hivi: minne ni magurudumu ya gari, miwili ni ya dereva. Mwaka 1972 Bob Noorda akamfupisha yule mbwa ili aenee ndani ya mraba wa njano wenye kona za mviringo. Bango la babu lina mbwa mfupi. Lina mraba. Lina kona za mviringo.

Nikajipa moyo, nikasoma maandishi madogo ya chini. "SAE 20W-50, API SE". Duh! Hizo herufi za API ni daraja la oili linalowekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani. SE ilitungwa kwa ajili ya magari ya 1972, na SF ikafuata kwa magari ya 1980. Mwaka 1961 herufi SE hazikuwepo duniani.

Hapa nikumbushe kitu: nembo inakupa mwaka wa mwanzo tu, siyo wa mwisho. Bango linaweza kutundikwa miaka kadhaa baada ya nembo kutoka, ila haliwezi kuitangulia. Kwa hiyo la babu ni la 1972 au baadaye, na kwa ile SE nadhani ni la miaka hiyo hiyo ya 70. Rika moja na soko kubwa la Kariakoo alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021. Ni enzi za Ujamaa, TIPER ya Serikali na Waitaliano ikisafisha mafuta Kigamboni tangu 1966, halafu bei ya mafuta duniani ikapaa mwishoni mwa 1973.

Nikamwambia mjomba. Akanyamaza. Halafu akasema polepole, "Andika tu 1961. Nani atajua?"

Wadau, mimi mwakani Mungu akipenda nitasimama mbele ya watoto kufundisha historia. Nikamjibu, "Mjomba, nisamehe, siwezi kuandika." Akanirudishia sumaku yangu, sikuagwa. Siku mbili simu haipokelewi. Na mimi nikawa najiuliza kama nimemwita babu mwongo mbele ya mafundi wake.

Siku ya tatu akapiga mwenyewe. Kumbe alimuuliza shangazi yake, mdogo wa babu. Bibi kamwambia gereji ndiyo ilifunguliwa 1961. Bango lilikuja baadaye, yeye mjomba akiwa ananyonya. Sisi tuliosimuliwa ndio tuliunganisha mambo mawili yakawa moja. "Basi lile ni rika langu," akasema, akacheka kidogo.

Bango limeuzwa 200,000. Iliyobaki ya binamu tumechangishana, na mimi boom likitoka nadaiwa 50,000. Kabla halijaondoka nililipiga picha mbele na nyuma. Ukutani imebaki alama ya mraba isiyo na vumbi, na yenyewe haitamaliza mwezi.

Kama kwenu kuna bango, lipige picha leo, halafu waulize wazee wangali hai.

Tuko pamoja.