Ardhi Isiyokabidhiwa: Jiji la Vancouver na Uzito wa Kukiri

Tarehe 25 Juni 2014, madiwani wa jiji la Vancouver, katika pwani ya magharibi ya Kanada, walipitisha kwa kauli moja azimio lisilo la kawaida. Walikiri kwamba jiji lao limejengwa juu ya ardhi ya jadi ya mataifa matatu ya wenyeji wa asili, yaani Musqueam, Squamish na Tsleil-Waututh, na kwamba ardhi hiyo haikupata kukabidhiwa kwa mkataba, kwa vita wala kwa kusalimu amri.

Kila ninapofundisha historia ya ukoloni wa walowezi, azimio hili huwagawa wanafunzi wangu. Wapo wanaolipongeza. Wapo pia wanaouliza ni ekari ngapi zilizorudishwa siku ile. Jibu ni kwamba haikurudishwa hata moja. Swali hilo ni halali, na sitaki kulikwepa. Lakini naona tutalijibu vema zaidi tukianza na historia ya jiji lenyewe, kwa kuwa kukiri kunapata uzito pale tu tunapojua kilichokuwa kikikanushwa.

Vancouver ilipata hadhi ya jiji mwaka 1886. Katika sehemu kubwa ya Kanada, dola ya Uingereza na warithi wake walitwaa ardhi kwa mikataba, mingi ikiwa ya hila. Katika jimbo la British Columbia, ukiacha maeneo machache, hata mikataba hiyo haikuwapo. Joseph Trutch, aliyesimamia masuala ya ardhi katika koloni hilo tangu mwaka 1864, alishikilia kwamba wenyeji hawakuwa na haki yoyote juu ya ardhi, akayapunguza maeneo waliyokuwa wametengewa. Mwaka 1871 alipandishwa kuwa luteni gavana wa kwanza wa jimbo. Wenyeji walipoanza kutafuta haki kwa njia ya sheria, Bunge la Kanada lilipiga marufuku, kuanzia mwaka 1927 hadi 1951, kuchangisha fedha za kuendeshea madai ya ardhi bila idhini ya serikali. Asiyeweza kumlipa wakili, kesi yake huishia barazani kwake.

Jiji nalo halikuwa mtazamaji. Stanley Park, bustani kubwa ambayo ni fahari ya Vancouver, ilifunguliwa mwaka 1888. Ndani yake kilikuwamo kijiji cha Xwayxway. Barabara ya bustani ilikatishwa katikati ya makazi, na makombe ya chaza na kome yaliyorundikana hapo kwa karne nyingi za maisha ya watu yakachimbwa na kutandazwa kuwa kifusi cha barabara. Karibu na hapo, Brockton Point, ziliishi familia za wanawake wa Kisquamish na waume zao wa kigeni, pamoja na wazao wao. Zilishtakiwa kama wavamizi. Zilitakiwa kuthibitisha kwamba zilikuwa zimeikalia ardhi hiyo kwa miaka 60, na ushahidi wa wazee uliotolewa kwa mdomo haukupewa uzito. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua dhidi yao, na mwaka 1931 nyumba zao zikachomwa moto.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo hunisumbua kuliko mengine. Katika miaka ileile ya 1920, wakati kesi ikiendelea, bustani ilianza kupambwa kwa nguzo ndefu za kuchongwa zilizoletwa kutoka kwa watu wengine wa asili walioishi mbali, kaskazini mwa pwani. Baadaye nguzo hizo zilisimamishwa palepale Brockton Point. Mwenyeji aliye hai alifukuzwa, na sanaa ya mwenyeji wa kwingine ikawekwa mahali pake ili watalii wapige picha. Basi si kila heshima inayotolewa kwa utamaduni ni utambuzi wa haki. Wakati mwingine hutumika kuifunika.

Ndiyo maana nalipa uzito neno moja katika azimio la 2014: ardhi “isiyokabidhiwa”. Madiwani wangeweza kusifu ngoma na vinyago vya wenyeji, wakaishia hapo. Badala yake walitamka jambo lenye maana ya kisheria, linalokana hoja ya Trutch waziwazi. Siku iliyofuata, tarehe 26 Juni 2014, Mahakama ya Juu ya Kanada ilitambua kwa mara ya kwanza milki ya asili ya taifa moja, Tsilhqot’in, juu ya eneo mahususi la zaidi ya kilomita za mraba 1,700. Azimio la jiji halikuzaa hukumu hiyo, iliyotokana na miaka mingi ya mashauri. Hata hivyo, matukio hayo mawili yanaonyesha mipaka ya kila upande: baraza linaweza kusema kweli, lakini milki huthibitishwa kwa mapambano ya wenyewe.

Kisa cha Senakw kinathibitisha hilo. Mwaka 1913, wakazi wa kijiji hicho cha Kisquamish walishinikizwa na serikali ya jimbo kuuza, wakapakiwa kwenye tishali na kuondolewa. Wazao wao walirudi mahakamani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakarudishiwa takriban ekari 10.5. Leo taifa la Squamish linajenga hapo majengo marefu yenye nyumba zipatazo 6,000, kwa mpango wake lenyewe. Na mwaka 2025 mtaa uliobeba jina la Trutch ulipewa jina jipya kwa lugha ya Musqueam.

Kwa nini yatuhusu sisi? Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza ardhi ya koloni lao hapa kwetu kuwa haina mwenyewe, hivyo ni mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu au jamii ingethibitisha milki yake. Mzigo wa kuthibitisha ulitwikwa aliyekuwapo, naye aliyefika jana hakuulizwa kitu. Ni mantiki ileile iliyozichoma nyumba za Brockton Point.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu, na watumishi wa umma wanaosoma hapa, kwamba tamko la utambuzi lisomwe kama hati nyingine yoyote ya serikali. Linataja nani, na kwa jina lipi? Linakiri tendo gani, na la nani? Je, lina neno ambalo mwenyeji anaweza kulibeba kesho hadi mezani, au mahakamani? Azimio la Vancouver halikurudisha ekari hata moja, lakini neno la namna hiyo linalo.