Mzee Ojwang': Mkikuyu Aliyekuwa Mjaluo wa Wakenya Wote

Jumapili ya Julai 12, 2015, Benson Wanjau alifariki katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi baada ya kuugua nimonia. Alikuwa na umri wa miaka 78. Jina hilo halikuwagusa wengi hadi lilipofuatwa na jina la pili, Mzee Ojwang' Hatari, na hapo nchi ikatambua imefiwa na nani. Katika siku za maombolezo, jambo lililowashangaza watu wengi ni kwamba mzee wa Kijaluo waliyemtazama kwa zaidi ya miaka 30 kwenye runinga hakuwa Mjaluo hata kidogo, alikuwa Mkikuyu. Habari hiyo ilitajwa kama kioja cha kuchangamsha matanga, kisha ikaachwa. Haikustahili kuachwa. Ukiipima kazi ya Wanjau kwa kuiweka ndani ya historia ya nchi aliyoifanyia, utaona kwamba kuishi katika lafudhi na mwenendo wa jirani, bila kumtweza jirani huyo, ndiyo kazi kubwa zaidi aliyoifanya, na ndiyo sababu anafaa kukumbukwa kama msanii mzito wala si mchekeshaji wa kupitisha jioni tu.

Tuanze na historia hiyo, kwa kuwa bila yenyewe uzito wa uigizaji wake hauonekani. Wakikuyu na Wajaluo waliingia katika uhuru wa 1963 wakiwa washirika wa kisiasa, Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga wakiwa bega kwa bega ndani ya chama cha KANU. Mwaka 1966 Odinga alijitoa na kuunda chama cha upinzani cha KPU. Julai 1969 Tom Mboya, waziri aliyekuwa Mjaluo, alipigwa risasi akafa katikati ya jiji la Nairobi, na miezi michache baadaye ziara ya Rais Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa risasi na maafa. KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Uhasama huo ulikuwa bado haujapoa Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa, Hezekiah Ochuka akiwa kinara wao, walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Waliteka kituo cha utangazaji cha taifa, Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kwa mtutu wa bunduki kuwatangazia wananchi kwamba serikali imeanguka. Jaribio lilizimwa siku hiyo hiyo. Lakini kwa kuwa Ochuka alikuwa Mjaluo, na kwa kuwa Raila Odinga alitiwa kizuizini, naye baba yake, Jaramogi, akazuiliwa nyumbani kwake, kabila zima lilitazamwa kwa jicho la shaka kwa miaka mingi iliyofuata.

Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1980, kituo kile kile kilichotekwa kilianza kumleta katika sebule za Wakenya mzee wa Kijaluo ambaye watu walimngojea kwa hamu. Wanjau alikwisha kuonekana katika vipindi vingine vya Sauti ya Kenya, Darubini kikiwa kimojawapo, lakini ni kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kilichomfanya Ojwang' awe mtu wa kila nyumba. Humo alikuwa mume wa Mama Kayai, ambaye Mary Khavere alimwigiza kwa umahiri uliolingana kabisa na wake. Waliowazunguka walikuwa na majina ya kila pembe ya nchi: Masanduku arap Simiti, aliyeigizwa na Sammy Muya, alibeba jina la Kikalenjin, Masaku alitokea Ukambani, Mogaka alikuwa Mkisii. Wote walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake. Kwa jinsi hii Vitimbi kiliionyesha Kenya ya mijini kama ilivyo, yaani mahali ambapo watu wa lugha nyingi hupangisha vyumba vinavyotazamana, hukopeshana, hugombana na kupatana kwa lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo.

Suala la Kiswahili hicho linastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa shuleni. Watoto walianza kufundishwa kwamba kuna Kiswahili sanifu, na kwamba Kiswahili cha wazazi wao wa bara kina makosa. Wakati huo huo runinga ya taifa ilikuwa ikiwapa Ojwang', mtu mzima asiyejali ngeli, anayesema anavyoweza na kueleweka na kila mtu. Wapo walimu walioona kwamba vipindi vya aina hii vinaharibu lugha. Hofu yao inaeleweka, maana mtoto huiga anachokisikia kwa raha kabla ya anachosomewa darasani. Hata hivyo, kabla mtu hajajifunza kukisema Kiswahili vizuri, sharti kwanza aamini kwamba ni chake. Mkulima wa Siaya au mchuuzi wa Gikomba aliyemsikia Ojwang' alitambua kwamba lugha hii haikuwa ya watu wa pwani na watangazaji wa taarifa ya habari peke yao. Katika nchi ambako Kiingereza ndicho kilichokuwa ngazi ya kupandia ofisini, jambo hilo lilikuwa na thamani ambayo mitihani isingeweza kuileta.

Sasa tutazame ufundi wenyewe. Lafudhi ya Mjaluo anayezungumza Kiswahili ina kanuni zake. Kijaluo hakina sauti za sh na z, kwa hiyo mzungumzaji huzigeuza kuwa s, na sentensi hupanda na kushuka kwa mwendo unaotoka katika lugha ya nyumbani. Mwigizaji anayetaka kicheko cha haraka huchukua kanuni moja tu, akaikuza mpaka ikawa kelele. Wanjau hakufanya hivyo. Lafudhi yake ilikuwa thabiti. Haikupotea alipokasirika wala haikuzidi alipotaka kushangiliwa, na kwa sababu hiyo sikio la mtazamaji liliizoea likaacha kuishughulikia. Kilichobaki kikawa ni mtu: mzee wa koti na tai, mbishi, mwenye maneno mengi, anayejiona mwerevu kuliko wenzake wote, ambaye hila zake humrudia mwenyewe na mkewe huzijua kabla hajazimaliza kuzipanga. Ujanja uliopitiliza, ubahili na majivuno ya mwanamume asiyekubali kwamba mkewe amemzidi akili ni mambo yaliyoko Nyeri, Machakos na Mombasa sawa na yalivyo Kisumu. Muondolee Ojwang' lafudhi umpe ya kabila jingine, na visa vya Vitimbi vitasimama vile vile.

Hapa ndipo penye jibu kwa pingamizi kubwa zaidi linaloelekezwa kwa vichekesho vya aina hii, kwamba ni dhihaka ya kikabila iliyovishwa nguo za burudani. Pingamizi hilo si la kubezwa. Kenya imeona vichekesho vingi vya majukwaani ambavyo mzaha wake wote ni kwamba Mjaluo anapenda makuu, Mkikuyu anapenda pesa na Mkamba anapenda uchawi, na mtu akirudia haya mara elfu, wasikilizaji huanza kuyachukulia kuwa maarifa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliharamisha maneno ya kudharau kabila, na tangu hapo swali la wapi mzaha unaishia na chuki inaanza limekuwa likiulizwa kwa haki kabisa. Kipimo ninachokiona kuwa cha kweli ni kuuliza: mtazamaji anacheka kwa sababu mhusika ni wa kabila fulani, au kwa sababu mhusika ametenda jambo fulani? Kwa Ojwang' jibu ni la pili, na ushahidi wenye nguvu ni kwamba Wajaluo wenyewe walimkubali kama mzee wao, wengi wakiamini kwamba ni mzaliwa wa kwao. Watu wanaodhihakiwa hutambua haraka kuliko wote. Wangemkataa mapema.

Pingamizi la pili ni la kisiasa zaidi, na ni gumu kulijibu. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, waliigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliifunga, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini Desemba 31 mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Mkosoaji anaweza kuuliza kwa nini tumpe heshima msanii aliyestawi katika kituo cha serikali wakati wengine walifungwa kwa ajili ya sanaa yao. Ni kweli kwamba Vitimbi hakikuugusa utawala wa Moi. Hakikuwa na nafasi ya kuugusa. Mhusika ambaye angetaja wizi wa kura au mateso ya vyumba vya chini vya Nyayo House asingeonekana wiki iliyofuata. Mtu asidai kwamba Wanjau alikuwa mpinzani aliyejificha, maana hiyo itakuwa kumsingizia marehemu. Lakini si kila kazi ya maana hupimwa kwa ushujaa wa mwandishi mbele ya dola. Utawala uliotawala kwa kuwagawanya watu ulihitaji kila kabila liliogope jingine. Kipindi kilichowafundisha watu kupenda kumtazama mzee wa kabila lililotiliwa shaka kilikwenda kinyume na haja hiyo, hata kama waliokitunga walikusudia kuchekesha tu.

Wengine husema umaarufu wake ulitokana na ukosefu wa chaguo, kwa kuwa runinga ilikuwa moja. Hilo ni kweli kwa miaka ya mwanzo, watu walipojazana kwa jirani mwenye seti. Ila kituo cha KTN kilianza kurusha matangazo mwaka 1990, vituo vingine vya binafsi vikafuata, na mwishoni mwa muongo huo kundi la Redykyulass likawaletea Wakenya kitu ambacho hawakuwahi kukiona, yaani vijana waliomwiga rais mwenyewe. Vitimbi kiliendelea kuwa na watazamaji wake kupitia mabadiliko hayo yote. Hamu iliyotokana na uhaba pekee ingekwisha pindi uhaba ulipokwisha.

Linabaki swali chungu kuliko yote. Baada ya kutangazwa kwa matokeo ya uchaguzi mwishoni mwa Desemba 2007, majirani waligeukiana kwa mapanga. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Katika mitaa ya Nairobi, Nakuru na Kisumu, Wakikuyu na Wajaluo walikuwa miongoni mwa wauaji na miongoni mwa waliouawa. Kama miaka ishirini ya kumcheka na kumpenda Ojwang' haikuzuia hayo, mchango wake ni upi? Nadhani tunakosea tukiitaka sanaa ifanye kazi ya tume ya uchaguzi, ya mahakama na ya sera ya ardhi. Ghasia zile zilitokana na kura zisizoaminika, dhuluma za mashamba zilizozeeka na wanasiasa waliowalipa vijana. Mchekeshaji hana dawa ya hayo. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba siku mtu anapoambiwa kuwa jirani yake ni adui, kuna taswira nyingine ya jirani huyo ndani ya kichwa chake. Wengi waliwaficha majirani wa kabila jingine katika siku zile, wakihatarisha maisha yao. Hakuna awezaye kusema ni nini kilichowapa moyo huo, na sitadai ni runinga. Nitasema tu kwamba moyo huo unahitaji malisho ya miaka mingi, na kwamba vipindi vya runinga vilivyoyatoa malisho hayo nchini Kenya ni vichache.

Ndiyo maana namna tunavyomkumbuka Wanjau inaniudhi kidogo. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na wahisani wakachangishana ili atibiwe. Ukarimu ule ulikuwa mzuri, lakini mtu aliyeijaza runinga ya taifa kwa miongo mitatu hakupaswa kutegemea mchango wa hiari kuokoa macho yake. Sehemu ya sababu ni kwamba tunawachukulia waigizaji wa vichekesho kama watu wenye kipaji cha kuzaliwa ambacho hakigharimu kitu, tukasahau kwamba kuidhibiti lafudhi isiyo yako kwa miaka 30 bila kuteleza ni elimu kamili. Vyuo vyetu vikuu vina idara za fasihi na sanaa za maonyesho zinazochambua tamthilia zilizochapishwa, ambazo baadhi yake ziliigizwa mara chache. Vitimbi, kilichotazamwa na mamilioni, hakijapata hata robo ya uchambuzi huo, kana kwamba kicheko cha wengi ni dalili ya upungufu.

Kazi ya kwanza basi ni kanda za Vitimbi na za vipindi vya aina yake. Shirika la Utangazaji la Kenya, jina ambalo Sauti ya Kenya ilipewa mwaka 1989, ndilo mrithi wa vipindi hivi. Kila kimoja kinachosalia kinafaa kuhifadhiwa kidijitali, kipewe tarehe, na majina halisi ya waigizaji yaandikwe kando ya majina yao ya jukwaani: Benson Wanjau, Mary Khavere, Sammy Muya na wenzao. Mwanafunzi wa kesho akisoma kwamba Ojwang' alikuwa Wanjau na Masanduku arap Simiti alikuwa Muya, atakuwa na swali la kumuuliza mwalimu wake wa historia.