Pasipoti ya Gavana na Pasipoti ya Balozi: Wahindi wa Kenya Mlangoni mwa Uingereza

Sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1962 ndiyo ya kwanza kuwazuia raia wa Jumuiya ya Madola wasiingie nchi hiyo wapendavyo. Hata hivyo iliacha mlango mmoja wazi. Hakuzuiwa mtu aliyezaliwa Uingereza, wala raia wa Uingereza na Makoloni aliyekuwa na pasipoti iliyotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Raia wa namna hiyo hiyo, pasipoti yake ikiwa imetolewa kwa jina la serikali ya koloni, alizuiwa. Uraia wao ulikuwa mmoja, uliowekwa na sheria ya mwaka 1948. Kilichowatenga ni jina la serikali iliyotoa cheti.

Wahindi wa Kenya (neno hili latumika hapa kama litumikavyo na watu wa mijini, yaani kwa wote wenye asili ya Bara Hindi, wawe Wabaniani, Waislamu au Masingasinga) walikuwa wakipata pasipoti zao kutoka serikali ya koloni, na kwa hiyo walikuwa nje ya mlango huo. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Aliyebaki raia wa Uingereza na Makoloni hakuwa tena na serikali ya koloni ya kumwandikia pasipoti. Ikambidi aende kwa Balozi wa Uingereza mjini Nairobi, na pasipoti iliyotoka huko ilikuwa ya serikali ya Uingereza. Hivyo uhuru wa Kenya uliwafungulia watu hawa mlango ambao ukoloni ulikuwa umewafungia.

Je, hiyo ilikuwa ahadi au kosa la waandishi wa sheria? Wanasiasa wa Uingereza wamebishana sana juu ya jambo hilo. Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni Kenya ilipopata uhuru, alikuwa mbele kudai kwamba mlango ufungwe. Iain Macleod, aliyeshika kazi hiyo kabla yake, na wa chama kile kile, alishikilia kuwa watu hawa waliahidiwa na kwamba ahadi ilikuwa ya makusudi. Hoja ya Macleod ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa maana pasipoti hizo hazikuibwa wala kughushiwa; zilitolewa na ofisi halali, kwa muhuri halali, mwaka baada ya mwaka.

Kenya nayo ilikuwa na karatasi zake. Katiba ya uhuru ilimfanya raia bila ya kuomba yule aliyezaliwa Kenya, ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa huko. Wengine walipewa miaka 2 ya kujiandikisha, na aliyejiandikisha alitakiwa kuukana uraia wake wa kwanza. Wengi walisita mpaka muda ukapita. Kisha zikaja sheria mbili za mwaka 1967: moja ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kufanya kazi, na ya pili ikamwekea mipaka ya mahali pa kufanyia biashara na bidhaa za kuuza. Mwenye duka ambaye hakuwa na sababu ya kufungua kabati kuitazama pasipoti yake sasa aliitazama kila siku, na mapema mwaka 1968 ndege za kwenda London zikajaa.

Serikali ya Uingereza ilipeleka mswada Bungeni mwishoni mwa Februari, ukapitishwa kwa siku chache, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Tangu hapo pasipoti ya Balozi haikutosha. Mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alitakiwa awe amezaliwa Uingereza au amepata uraia huko. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Haikuwa na haja, kwa sababu mlowezi wa Kizungu hakukosa babu wa namna hiyo, na fundi seremala wa Kihindi wa Nakuru hakuweza kumpata.

Aliyekosa babu aliachiwa vocha. (Leo neno hili humkumbusha msikilizaji salio la simu, kwa watu wa Nairobi wa miaka hiyo lilikuwa neno la kukosesha usingizi.) Zilitengwa vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa jamaa, na mke na watoto waliandamana na mkuu wao. Maombi yalipelekwa Ubalozini, na waliotangulizwa ni wale waliopoteza riziki. Basi mwombaji alijikuta katika hali ya ajabu: kwa serikali ya Kenya alijaribu kuthibitisha kwamba ana kazi ya maana, ili kibali kiongezwe, kwa Ubalozi alijaribu kuthibitisha kwamba hana kazi tena, ili vocha ije upesi. Vocha ilipokawia naye kibali kimekwisha, alikuwa raia asiyeruhusiwa kuingia nchi ya uraia wake, wala kuishi katika nchi aliyozaliwa. Waliothubutu kusafiri bila vocha walirudishwa, wengine wakirushwa kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine.

Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mkuu wa jamaa, hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa yake na si ya mumewe. Mwanamke mmoja aliyenyimwa vocha huko Bombay alifikisha shauri lake mpaka Baraza la Malodi, na mwaka 1983 akashindwa.

Kwa Wahindi wa Uganda, waliopewa siku 90 mwaka 1972, foleni ya vocha iliwekwa kando, na watu wapatao 28,000 wakapokewa Uingereza. Wale wa Kenya waliendelea kungoja. Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyapima malalamiko yao, na katika taarifa yake ya mwaka 1973 iliona kwamba kuwabagua hadharani kwa sababu ya asili yao kulikuwa ni kuwadhalilisha. Taarifa hiyo haikutolewa kwa watu wote mpaka mwaka 1994.

Mpango wa vocha ulifutwa Machi 2002. Sheria ya mwaka huo huo iliwaruhusu waliosalia na uraia huo wa ng'ambo wajiandikishe kuwa raia kamili wa Uingereza, kwa sharti la kuonyesha kwamba hawana uraia wa nchi nyingine yoyote, wala hawakuukana tangu tarehe 4 Julai 2002.