Pointi moja iliyokosekana: jinsi namba ya Metacritic ilivyoingia katika malipo ya wafanyakazi

Vijana wengi wa mitaa yetu wanapenda michezo ya video. Wengine wanaicheza kwa simu, wengine wanalipia muda kwenye nyumba yenye PlayStation. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kule michezo hiyo inakotengenezwa, namba moja ya kwenye intaneti imewahi kuamua nani apate pesa na nani akose. Leo tufuate historia ya namba hiyo.

Katika miaka ya 1980 na 1990, mtu wa Marekani au Uingereza aliyetaka kujua kama mchezo ni mzuri alinunua gazeti la michezo. Waandishi waliucheza kwanza, kisha wakautolea pointi. Shida ni kwamba kila gazeti lilikuwa na kipimo chake. Moja lilitoa pointi juu ya 10, jingine nyota 5, jingine herufi kama za shuleni. Na mchezo ulikuwa ghali. Ukichagua vibaya, pesa zako zimekwenda.

Mwaka 1999 ukafunguliwa mtandao wa GameRankings. Ulikusanya pointi za wahakiki mbalimbali, ukazigeuza zote kuwa asilimia, kisha ukatoa wastani. Mwaka 2001 ikafuata Metacritic, iliyoanzishwa na Marc Doyle, dada yake Julie Doyle Roberts, na Jason Dietz. Hii iliweka pamoja filamu, muziki na michezo ya video. Mwaka 2005 kampuni ya CNET ikainunua.

Nia yao ilikuwa kumsaidia mnunuzi. Badala ya kusoma makala 40, anaangalia namba moja na rangi yake. Mchezo wenye 75 na zaidi unapata kijani, kuanzia 50 hadi 74 ni njano, chini ya 50 ni nyekundu.

Ili tuelewane, fikiria buletini ya mtoto wako. Kila kozi ina maksima yake, na kozi yenye maksima kubwa inavuta asilimia ya mwisho kuliko nyingine. Mzazi hashangai, kwa sababu maksima zimeandikwa palepale. Metacritic nayo inatoa uzito mkubwa kwa wahakiki fulani kuliko wengine. Tofauti ni kwamba haitangazi nani ana uzito gani. Mwaka 2013 mtafiti mmoja alisema amekadiria uzito huo, lakini Metacritic ikakana hesabu yake. Tena kuna suala la herufi: mhakiki akitoa B, Metacritic inaandika 75, akitoa C, inaandika 50. Huenda mwandishi wa C alitaka kusema mchezo ni wa kawaida tu, lakini katika wastani anaonekana kama aliyeupiga chini.

Kwa mnunuzi hilo si tatizo kubwa. Tatizo lilianza wakubwa wa kampuni walipoichukua namba hiyo na kuiingiza kwenye mikataba.

Mwaka 2004 Warner Bros. ilitangaza utaratibu mpya. Kampuni inayotengeneza mchezo kutokana na filamu zake italipa zaidi kwa haki hiyo kama wastani wa pointi utakuwa chini ya asilimia 70. Warner ilisema inalinda jina la filamu zake. Hapo maoni ya waandishi yakawa na bei kwa dola.

Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Fallout: New Vegas, mchezo uliotoka Oktoba 2010. Ulitengenezwa na Obsidian kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Machi 2012, Chris Avellone, mmoja wa waanzilishi wa Obsidian, alieleza kwamba walilipwa kiasi kilichopangwa bila fungu la mauzo. Kulikuwa na nyongeza, lakini kwa sharti la kufikisha 85 kwenye Metacritic. Mchezo ulipata 84. Pointi moja ilikosekana, na nyongeza ikapotea. Mwezi huohuo Obsidian ilipunguza wafanyakazi.

Tuwe wakweli pande zote. Mchezo huo ulitoka na hitilafu nyingi, na wahakiki walikuwa na haki ya kuzisema. Metacritic pia haikuandika mkataba ule. Lakini hakuna mhakiki aliyekaa akifikiri kwamba pointi yake itagusa malipo ya watu ambao hawajui. Na mfanyakazi hakuwa na mlango wa kubisha ili aulize hesabu ilifanywaje.

Baadaye hata wachezaji wa kawaida wakaitumia namba kama fimbo. Juni 2020 ulipotoka The Last of Us Part II, wahakiki waliupa zaidi ya 90. Lakini kwenye sehemu ya maoni ya watu wote, maelfu waliupa sifuri katika saa za mwanzo, wakati kuumaliza kunahitaji zaidi ya saa 20. Mwezi uliofuata Metacritic ikaamua watu wangoje saa 36 baada ya mchezo kutoka kabla ya kutoa pointi.

Wengine walitafuta njia nyingine. OpenCritic ilianza mwaka 2015, ikihesabu wahakiki wake kwa uzito sawa. GameRankings ilifungwa Desemba 2019. Metacritic bado ipo, na mwaka 2022 ilinunuliwa na kampuni ya Fandom.

Familia zilizohama makwao zinajua uzito wa orodha iliyoandikwa na mtu usiyemwona. Jina lipo au halipo, na mgao unafuata karatasi. Ndiyo maana historia hii ya michezo inatuhusu pia. Kabla ya kuiamini namba yoyote inayoamua riziki ya mtu, tuulize: nani ameihesabu, kwa kipimo gani, na aliyehesabiwa atapeleka wapi malalamiko yake? Wafanyakazi wa Obsidian walikosa jibu la swali hilo la tatu.