Dini inapogeuzwa silaha ya kampeni: Mfano wa 2007 na mizani ya mpiga kura

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia, minong'ono ya aina moja hurejea katika mitaa ya Nairobi: kwamba mgombea fulani ameiuza nchi kwa watu wa dini fulani, au kwamba imani anayoikiri hadharani siyo aliyo nayo moyoni.

Shambulio la namna hii haligusi sera wala rekodi ya utendakazi. Shabaha yake ni kumfanya mpiga kura amwogope mgombea, na pamoja naye waumini wote wa dini anayohusishwa nayo. Ndiyo sababu madhara yake hubaki mtaani hata baada ya kura kuhesabiwa.

Mtaa wa Majengo, Pumwani, ni mahali pafaapo kulipima jambo hili. Serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika, na nyumba zake za udongo zenye vyumba vya kupangisha zikakusanya watu wa makabila na dini mbalimbali. Msikiti wa Riyadha na Kanisa la Kianglikana la St John's vyote vimo Pumwani. Kwa mpangaji wa huku, mtu wa dini nyingine ni jirani wanayetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Waraka bandia

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni wa 2007. Mnamo Agosti 29 mwaka huo, marehemu Raila Odinga, Mwanglikana aliyekuwa akiwania urais kwa tiketi ya ODM, alitia saini mkataba wa maelewano na NAMLEF, jukwaa la kitaifa la viongozi wa Kiislamu. Mkataba haukuchapishwa, na usiri huo ukazaa uvumi. Haukupita muda mrefu kabla ya kuzuka waraka wa pili, uliodai kuwa ameahidi kuleta Sharia na kuutukuza Uislamu juu ya dini nyingine.

Mkataba halisi ulipotolewa hadharani Novemba, ilibainika ulihusu malalamiko ya muda mrefu ya Waislamu: kubaguliwa, kuachwa nyuma kimaendeleo kwa Pwani na Kaskazini Mashariki, na hatima ya watu waliokamatwa Kenya mapema mwaka huo kisha wakapelekwa Somalia na Ethiopia bila kufikishwa mahakamani.

Hapo ndipo hasara ilipokuwa kubwa. Swali la haki, la iwapo serikali yaweza kumtoa mtu nchini bila kesi, lilimezwa na mabishano kuhusu ahadi ambayo haikutolewa. Hata hivyo, ODM nayo haikukosa lawama: anayetafuta kura kupitia viongozi wa dini hana budi kuweka makubaliano yake wazi.

Mwaka wa 2008 waraka huo bandia ulivuka bahari na kutumiwa Marekani dhidi ya Barack Obama, aliyekuwa akidaiwa kwa uongo kuwa Mwislamu. Oktoba mwaka huo Colin Powell, aliyekuwa waziri wa mashauri ya kigeni, alijibu kwamba Obama ni Mkristo, kisha akauliza kuna ubaya gani hata angekuwa Mwislamu. Jibu hilo lina funzo: anayekanusha tu huenda akakubali, bila kujua, kwamba kuwa wa dini ile ni kosa.

Sheria yasemaje?

Hofu kama hiyo ilirejea katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, safari hii kuhusu mahakama za Kadhi, ambazo zilikuwa katika katiba tangu uhuru. Katiba iliyopita inazifungia katika masuala ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu binafsi, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka ya Kadhi.

Kifungu cha 8 kinasema Kenya haina dini ya serikali. Kifungu cha 91 kinakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini au kuchochea chuki kwa msingi huo. Rais hawezi kuyafuta hayo kwa saini yake.

Mizani ya mpiga kura

Si kila swali kuhusu imani ni uchochezi. Ni halali kumuuliza mgombea iwapo itikadi yake itaathiri sheria za ndoa, shule au afya. Kinachovuka mpaka ni kumhukumu kwa jina lake au mahali anaposali.

Kwa hivyo, ukiletewa waraka, uliza nani aliutia saini, nakala kamili iko wapi, na je, Katiba inaruhusu kinachodaiwa?

Wapiga kura wa Kamukunji, eneobunge lenye Majengo, walimchagua Yusuf Hassan, ambaye ni Mwislamu, katika uchaguzi mdogo wa 2011, wakamrejesha 2013, 2017 na 2022. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Wakati wa kampeni, huenda lisemwalo limetungwa, na anayelibeba ndiye atakayeamka kesho akutane na jirani yake mlangoni.