Shauri la Reli na Basi katika Addis Ababa na Dar es Salaam

Watu wa mjini walipokuwa wachache, kazi ilikuwa karibu na nyumba, na aendaye kazini alikwenda kwa miguu. Mji ulipokua, nyumba zilisogea mbali, lakini bandari, masoko na ofisi vilibaki palepale vilipokuwa. Tangu hapo jambo la kuwachukua maelfu ya watu alfajiri na kuwarudisha kwao jioni likawa shauri la serikali, wala si la mtu na miguu yake. Katika zama zetu majibu mawili yameshindana katika shauri hilo. La kwanza ni reli nyepesi, yaani treni fupi za umeme zipitazo ndani ya mji. La pili ni mabasi yaendayo haraka, yaani mabasi marefu yaliyotengewa njia yao katikati ya barabara. Miji miwili ya Afrika ya Mashariki iliyatoa majibu hayo karibu wakati mmoja: Addis Ababa ilifungua reli yake Septemba 2015, na Dar es Salaam ikafungua njia ya mabasi Mei 2016. Si mara nyingi historia humpa mwanafunzi wake mizani iliyo karibu sawa namna hii, na yafaa kuitazama kwa makini.

Ushindani wenyewe si mgeni katika pwani ya Waswahili. Mwaka 1905 gari la moshi lilianza kutembea baina ya mji wa Unguja na kijiji cha Bububu, mwendo wa maili 7 hivi, katika reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Ilikuwa reli nyepesi kwa kipimo cha siku zake: njia moja nyembamba, iliyopita karibu mno na milango ya watu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Lakini motokaa zilikuwa zimekwisha anza kushika barabara, na motokaa haikuhitaji mataruma wala stesheni. Ilimfuata abiria mahali alipo. Mwaka 1922 treni ya Bububu iliacha kuchukua abiria, ikabaki kwa muda kuchukua mawe, kisha ikatoweka. Waliokumbuka habari hiyo waliweza kusema kwamba basi limeshinda. Hawakujua kwamba siku itafika ambapo motokaa zitakuwa nyingi hata barabara yenyewe isitembee, na basi, ambalo sifa yake ilikuwa uhuru wake wa kupita popote, litakosa pa kupita.

Dawa ya ugonjwa huo ilitafutwa kwanza mbali na Afrika. Katika mji wa Curitiba, nchini Brazili, meya Jaime Lerner na wenzake waliona kwamba reli ya chini ya ardhi ingewagharimu fedha wasizokuwa nazo. Mwaka 1974 wakatenga njia za mabasi peke yake katika barabara kuu, na baadaye wakajenga vituo ambamo abiria hulipa nauli kabla basi halijafika, akapanda bila ya kupiga ngazi. Mwaka 2000 Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, uliifuata njia hiyo kwa ukubwa zaidi. Meya wake, Enrique Peñalosa, alitoa hoja ambayo imerudiwa katika mabaraza mengi: ikiwa raia wote ni sawa, basi lenye abiria 80 lastahili nafasi ya barabara mara 80 kuliko motokaa yenye mtu mmoja. Hoja hiyo yaonyesha kwamba njia ya mabasi si jambo la uhandisi tu. Ni jambo la kugawa mali ya watu wote, yaani barabara, na kila mgawanyo huwa na anayepunguziwa.

Dar es Salaam ilikuwa na sababu za kulisikiliza neno hilo. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta mjini humo watu takribani 270,000. Ile ya mwaka 2012 ilikuta zaidi ya milioni 4. Kampuni ya mabasi ya mji ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lijulikanalo kwa jina la UDA. Mabasi yake hayakuongezeka kwa kadiri watu walivyoongezeka. Vipuri vilikuwa adimu kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1983 serikali iliwaruhusu watu binafsi kuchukua abiria, na hapo ndipo lilipozaliwa daladala, lililopata jina lake kwa nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala. Daladala liliokoa mji, na haifai kulisahau jambo hilo. Lakini dereva wake alipaswa kumpelekea mwenye gari hesabu ya kila siku, na lile lililozidi ndilo lililokuwa chakula chake. Kwa hiyo alingoja abiria pale alipotaka kungoja, akakimbia pale alipotaka kukimbia, na konda akapakia watu hata mlango usifunge. Ghasia ya barabarani haikutoka katika tabia mbaya ya madereva kama walivyodhani wengi. Ilitoka katika namna ya malipo yao.

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka ulianzishwa mwaka 2007, na miaka tisa ikapita kabla abiria wa kwanza hajapanda. Njia ya kwanza ilitoka Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, na matawi yake yakaenda Morocco na Gerezani. Jumla yake ilikuwa kilomita 21 hivi. Huduma ilianza kwa jina la huduma ya mpito, kwa mabasi 140. Watu waliyaita mwendokasi, na jina lilistahili: safari ambayo kwa daladala iliweza kumaliza saa mbili, sasa ilikwisha chini ya saa moja. Kwa mwanamke aliyetoka Kimara saa kumi na moja alfajiri ili awahi kazi ya saa mbili, saa hiyo iliyookolewa ilikuwa usingizi, au chai ya watoto kabla ya kwenda shule. Hiyo ndiyo mizani ya kweli ya shauri hili, ingawa haikuandikwa katika kandarasi yo yote.

Addis Ababa ilikwenda njia nyingine. Huko nako mabasi ya shirika la Anbessa na teksi ndogo za rangi ya buluu na nyeupe yalikuwa yamelemewa. Serikali ya Ethiopia ilichagua reli ya umeme, ikapata mkopo mkubwa kutoka China, na kampuni ya Kichina ikajenga. Ujenzi haukuzidi sana miaka mitatu. Njia mbili zenye urefu wa kilomita 34 hivi, moja ya mashariki na magharibi, nyingine ya kaskazini na kusini, ziligharimu takribani dola milioni 475, na treni 41 zikaletwa. Katika miaka ya kwanza watu zaidi ya 100,000 walizipanda kwa siku, kwa nauli ya birr chache ambayo kibarua aliweza kuilipa. Ethiopia ina mito na umeme wa maji, lakini dizeli huiagiza kutoka nje. Kwa hiyo treni ya umeme ilionekana kuwa na hoja ambayo basi la dizeli halikuwa nayo.

Wateteao reli husema kwamba haihamishiki. Mwenye duka na mwenye nyumba hujenga kando yake kwa kuwa wajua itakuwapo kesho, na hakuna dereva wa motokaa atakayeingia katika mataruma ili afupishe safari. Husema pia kwamba treni hudumu miaka 30 au zaidi, na basi huchakaa katika miaka 12 hivi, na kwa hiyo anayenunua basi kwa bei nafuu lazima alinunue tena na tena. Wateteao mabasi hujibu kwamba kwa fedha zijengazo kilomita moja ya reli zaweza kujengwa kilomita kadhaa za njia ya mabasi. Kwamba basi likiharibika lenzake hulipita, lakini treni ikiharibika huzuia zote zilizo nyuma. Na kwamba Bogotá iliweza kuchukua watu zaidi ya 35,000 kwa saa kwa upande mmoja, idadi ambayo reli nyepesi nyingi hazikuifikia. Pande zote mbili husema kweli. Lakini wote huzungumza habari za siku ya ufunguzi, na miji haiishi siku ya ufunguzi.

Yaliyofuata katika miji hii miwili yafundisha zaidi. Katika Addis Ababa treni zilianza kusimama moja baada ya moja kwa kukosa vipuri, na vipuri vilitaka fedha za kigeni ambazo nchi ilikuwa na upungufu nazo. Umeme nao ulikatika mara kwa mara. Nauli, iliyowekwa chini kwa huruma, haikutosha kulipia matengenezo wala mkopo. Kufikia mwaka 2022 treni zilizokuwa zikitembea hazikufika nusu ya zile 41, na watu wakarudi katika foleni za teksi, huku reli ikiwa palepale katikati ya barabara. Katika Dar es Salaam karakana ya mabasi ilikuwa imejengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi ambalo kila mwenyeji alijua kuwa hujaa maji. Mafuriko ya mwaka 2018 yaliharibu mabasi kadhaa. Mabasi yalipungua, abiria wakazidi, na vituo vikajaa watu waliokwisha lipa nauli wakingoja chombo kisichofika. Mji uliokuwa umepewa tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018 ulisikia raia wake wakilitamani daladala.

Basi vyombo viwili vilivyo mbali kwa sura vilipatwa na ugonjwa mmoja. Mtu aliyesoma habari za UDA na vipuri vyake hatashangaa sana kusoma habari za treni za Addis. Ni hadithi ileile iliyobadilisha magurudumu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika usafiri wa mjini ufa wa kwanza hauonekani na waziri wala mgeni rasmi. Huonekana na fundi wa karakana anayeandika barua ya kuomba kipuri na asijibiwe.

Haifuati kwamba kuchagua hakuna maana. Mji ulio maskini wa fedha za kigeni una sababu njema ya kuanza na basi, kwa kuwa basi laweza kutengenezwa na mafundi wengi na kununuliwa kidogokidogo. Mji wenye umeme mwingi na watu wengi katika njia moja una sababu njema ya kujenga reli. Wala si lazima kimoja kimfukuze mwenzake: mwaka 2012, kabla ya mwendokasi, Dar es Salaam ilianza kuchukua abiria wa mjini kwa treni katika reli zake za zamani, na Bogotá, mji uliosifiwa duniani kwa mabasi, ulianza baadaye kujenga reli yake. Lakini kabla ya kuuliza ni chuma au mpira, mji wapaswa kujiuliza maswali mawili yaliyo magumu zaidi. Je, una ujasiri wa kuitenga njia, na kuilinda kila siku dhidi ya wenye motokaa, ambao aghalabu ni wakubwa wa mji wenyewe? Na je, umekwisha weka fungu la fedha za kipuri cha mwaka wa kumi kabla ya kununua chombo cha mwaka wa kwanza? Mji usioweza kujibu maswali hayo utapata msongamano uleule, ila tu utakuwa na deni juu yake, na mwanamke wa Kimara ataendelea kuamka saa kumi.